Kufuli Lenye Ufunguo Mmoja

Mlango wa stoo ya zamani ulikuwa wa mbao nene zilizopigwa bati kwa nje. Kwa ndani, usawa wa kifua cha mtu mzima, mbao zilikuwa zimechubuka na kunywa damu. Inspekta alipiga goti, akasogeza tochi. Alama zilianzia juu, zikashuka. Aliyebisha hapa alianza amesimama, akaendelea amepiga magoti, akamalizia amelala ubavu, anagonga karibu na kizingiti kwenye upenyo mdogo wa kupitisha hewa.

"Daktari anasema ni pumu," Koplo alisema nyuma yake. "Vumbi, joto na hofu. Kifua kikambana mpaka basi."

"Pumu haifungi mlango, Koplo."

Marehemu alikuwa mstaafu wa redio, na mji mzima ulimwita Mtangazaji. Kiwanda cha makufuli kilimwajiri aandike kitabu cha historia yake kwa ajili ya jubilei. Ijumaa mchana, watu wakiwa wanafunga kazi kwenda mapumziko marefu, aliingia kwenye stoo hii ambamo makufuli ya mwanzo kabisa ya kiwanda yamepangwa rafuni. Wafanyakazi waliporudi baada ya mapumziko, mlinzi alifungua mlango, akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

Kufuli lenyewe lilikuwa mezani. Chuma kitupu, zito, la mtindo wa kale. Halikuwa kama haya ya siku hizi ambayo ukiyabana tu yanajifunga. Hili lilitaka ufunguo uingizwe na kuzungushwa, lifungwe au lifunguliwe.

Mkurugenzi aliingia akijifuta uso kwa leso. Alikuwa mtoto wa pekee wa mwanzilishi, mtu wa makamo, shati limenyooka, na alipozungumza alichezesha kishada cha funguo kidoleni kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Nimesikitika sana, Inspekta. Mzee yule alikuwa kama ndugu wa familia. Lakini nadhani kesi yako imekwisha. Kufuli hili lina ufunguo mmoja tu duniani, na ufunguo huo anakaa nao mlinzi. Nimeshamwambia karani aandae maelezo ya kitaalamu. Nitayasaini mwenyewe."

"Umefanya haraka."

"Ndiyo kazi yetu." Alinyoosha kidole juu ya mlango, ambapo maneno yalipakwa rangi nyekundu: KILA KUFULI NA UFUNGUO WAKE. "Baba alianza na tupa moja na vipande vya reli mbovu, chini ya bati la kukodi. Leo ukienda mkoa wowote wa ukanda huu, ukikuta shule, ghala, zahanati, gereza, mlangoni utatukuta sisi. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya maneno hayo."

"Na mlinzi alikuwa na ugomvi na marehemu?"

"Waulize wenzake," alisema Mkurugenzi, akatoka.

Wenzake hawakuhitaji kuulizwa mara mbili. Mtangazaji alimkuta mlinzi amesinzia kibandani, akamsema mbele za watu. Mlinzi akaapa kwa sauti, na mpaka wapishi wa kantini walimsikia: "Huyu mzee anajifanya mnoko, siku moja nitamfungia humo humo stooni mwake!"

Koplo alifurahi kama aliyepewa likizo. "Sababu tunayo, ufunguo tunao, maneno tunayo. Afande, unataka nini tena?"

"Nataka kumsikia yeye," alisema Inspekta.

*

Mlinzi alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo, mikono kati ya magoti. Mtu mrefu, lakini alivyojikunja, ungedhani amepungua.

"Nilimfungulia, afande. Nikaliacha kufuli limening'inia kwenye tumbuu ya mlango, wazi, nikarudi getini na ufunguo wangu mfukoni. Baadaye Mkurugenzi akaniambia niende nikalinde ghala la upande wa reli mapumziko yote, kwamba huku ataweka mtu mwingine. Nikapita stoo kwanza niangalie. Nikakuta limefungwa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaondoka. Nilidhani mzee ameshakwenda kwao."

"Limefungwa na nani, kama ufunguo uko mfukoni mwako?"

Macho ya mlinzi yalianza kuzunguka kama ya mtu aliyepoteza kitu chumbani mwake mwenyewe.

"Nimejiuliza hilo tangu waniweke humu. Ufunguo mmoja, na ninao mimi." Akashusha sauti. "Labda ni mimi, afande. Labda nilifunga nikasahau. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira naye. Nikifikiri sana, naiona mikono yangu ikifunga."

"Uliisikia sauti yake ndani?"

"Wallahi sikusikia. Ningesikia ningefungua, hata kama simpendi. Nani anaweza kusikia mtu anabisha akaenda zake?"

Waongo ambao Inspekta aliwahi kuwahoji walikuwa wakitafuta njia ya kutoka. Huyu alikuwa anatafuta njia ya kuingia. Alimwambia Koplo ampe maji na asimwandikishe chochote kwa sasa.

*

Binti wa Mtangazaji aliwapokea sebuleni mwa baba yake. Matanga yalikuwa bado yanaendelea, wanawake walikuwa wakipita na masufuria, kwa hiyo akawaingiza chumba cha ndani na kufunga mlango kwa mgongo wake.

"Baba alikuwa amebadilika," alisema. "Tulidhani uzee. Alikuwa akizunguka mitaani kuwaomba watu funguo za zamani za makufuli ya kile kiwanda. Za makufuli yaliyokufa, yaliyotupwa, yoyote. Akaweka kwenye mfuko wa kitambaa. Akitembea analia kama ng'ombe wa kengele. Watoto wangu wakamcheka."

"Mfuko huo uko wapi?"

"Aliondoka nao Ijumaa. Alisema akitoka kiwandani atapitiliza kwa ndugu mashambani, ndiyo maana hatukumtafuta."

Inspekta na Koplo walitazamana. Kwenye nguo za marehemu palikuwa na leso, miwani na dawa ya kifua iliyokwisha. Mfuko haukuwepo, si mwilini wala sakafuni.

"Alisema anazitakia nini?"

Binti alikaa kitandani. "Umewahi kusikia kesi ya Matroni? Wewe ulikuwa mdogo. Bweni la wasichana liliungua, mlango umefungwa kwa nje. Hakutoka hata mmoja. Baba alikuwa kijana wa redio, ndiye aliyetangaza kesi ile toka mwanzo mpaka hukumu. Matroni alisema siku ile alimpeleka mtoto mgonjwa zahanati, akauacha mlango wazi. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mwanzilishi wa kiwanda akasimama kizimbani, akaapa kwamba kufuli lile halina ufunguo wa pili. Basi. Matroni akafungwa maisha."

"Na kiwanda?"

"Kiwanda kikapata jina. Baba alisema ndiyo iliyokuwa sura aliyotakiwa kuipamba kuliko zote. Baada ya kesi ile kila mtu alitaka kufuli ambalo mpaka jaji amelisifia. Oda zikaja mpaka wakajenga karakana ya pili." Alijifuta macho kwa upande wa khanga. "Halafu wiki iliyopita akarudi nyumbani amekaa kimya. Akaniambia, mwanangu, yule mama alikuwa anasema kweli. Nikamwambia aandike. Akasema hapana, kwanza nitamwambia Mkurugenzi ana kwa ana, ndiyo adabu. Amenipa kazi, nisimvizie."

Nje mtu aliangusha kifuniko cha sufuria, binti akashtuka.

"Adabu yake ndiyo hiyo imemponza," alisema.

*

Barabara inayopita mbele ya kiwanda ina maduka pande zote mbili, na wenye maduka wengi ni waaminifu kwa jirani yao: makufuli yao ni ya pale pale, mengine ya tangu enzi za mwanzilishi. Inspekta alimbebesha Koplo kufuli la stoo ndani ya mfuko wa ushahidi, wakaanza mlango kwa mlango.

Kinyozi alitoa ufunguo wake kwa mashaka. Inspekta aliuingiza kwenye kufuli la stoo. Haukuzunguka. Muuza nyama akatoa wake, wenye mafuta. Haukuingia hata nusu. Fundi baiskeli vilevile. Koplo alianza kutazama saa yake kwa namna ambayo alitaka ionekane.

"Afande, kwa heshima. Tunatafuta nini?"

"Nikikijua nitakuambia."

Kwa fundi cherehani walimkuta mwenyewe anapiga pasi suruali. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Kufuli langu hili nimerithi kwa marehemu mjomba. Wezi wameshakuja, wakalitazama, wakaondoka! Ufunguo huu hapa. Msiupoteze tu, maana nikiupoteza mimi na vitambaa vya watu tutalala nje."

Inspekta aliuingiza. Uliteleza kama umerudi kwao. Akauzungusha, na upinde wa chuma ukaruka wazi kwa mlio mfupi.

Koplo alichukua kufuli, akalifunga kwa ufunguo ule ule wa cherehani, akalifungua tena, akalifunga tena.

"Hilo ni la wapi?" aliuliza fundi cherehani.

"La kiwandani. Stoo."

"Sasa ufunguo wangu unafungua stoo yao, na wa kwao je, unafungua duka langu?" Pasi ilikuwa imesahaulika juu ya suruali, moshi ukaanza kupanda. "Mama yangu! Na huyu jirani yangu? Na yule pale? Ina maana miaka yote nimelala usingizi wa bure?"

"Toa pasi, baba," alisema Inspekta, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshafika mbali, kwenye mlango wa bweni asiowahi kuuona.

*

Fundi mkuu wa karakana alikuwa mzee wa mikono mikubwa yenye makovu ya tupa. Inspekta alimwamkia, akaweka kufuli mbele yake.

"Nataka ulifungue tumbo lake, mzee. Taratibu, juu ya karatasi nyeupe."

Mzee alitoa misumari ya ubavuni mmoja mmoja, akalifunua. Juu ya karatasi vikadondoka vumbi, kutu, na kitu kingine. Inspekta aliinamisha taa ya meza. Chembe ndogo zilimeta, rangi ya njano.

"Hii ni nini?"

"Shaba."

"Ndani ya kufuli hili kuna shaba?"

"Hakuna. Ni chuma mwanzo mwisho."

"Ufunguo wa mlinzi ni chuma. Wa fundi cherehani na zote tulizojaribu madukani ni chuma. Chuma hakiachi unga wa njano."

"Shaba ni laini, mwanangu. Ikilazimishwa kwenye chuma ambacho hakijatiwa mafuta, hukwanguka." Mzee alikuwa haangalii karatasi. Alikuwa anaangalia kwenye dari, upande wa ofisi za juu.

"Makufuli ya enzi hizo yana funguo za aina ngapi?"

"Kila kufuli na ufunguo wake," alijibu, kwa sauti ya mtoto anayesoma ubaoni.

"Mzee, nimetoka kufungua hili kwa ufunguo wa cherehani."

Mikono yake mikubwa ilitafuta ukingo wa meza, ikaushika. "Mashine ilikuwa moja," alisema mwisho. "Ina meno machache. Unaweza kuchonga aina chache tu, halafu unarudia. Bosi alisema, mteja wa mji huu hatakutana na wa mji ule."

"Na ufunguo wa shaba alikuwa nao nani?"

Mzee alitikisa kichwa. Hakulitamka jina, lakini macho yake hayakushuka kutoka darini.

*

Mkurugenzi alikuwa ameshasaini maelezo yake ya kitaalamu. Aliyasukuma mezani kuelekea kwa Inspekta, kishada cha funguo kikiwa kando ya kalamu. Miongoni mwa funguo za gari na za kabati mlikuwa na mmoja mkubwa kuliko zote, wa shaba.

"Huo ni mzuri," alisema Inspekta.

"Wa baba. Aliuchonga siku kiwanda kilipofunguliwa. Ni pambo tu, haufungui chochote."

"Naweza?"

Alisita. Koplo alikuwa amesimama mlangoni, na kwenye korido fundi mkuu alikuwa amepanda mpaka juu, anatweta. Mkurugenzi hangeweza kukataa bila kueleza kwa nini.

Inspekta aliinua ufunguo kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa umefifia kwa kushikwashikwa miaka mingi, lakini meno yalikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Fundi alikuwa amelirudisha tumbo la kufuli mahali pake. Inspekta aliuingiza ufunguo, akausukuma kidogo kwa kidole gumba, akauzungusha. Upinde ukaruka.

"Pambo," alisema.

"Mtu yeyote anaweza kuwa..."

"Unalala nao. Hakuna katika kiwanda hiki asiyejua hutoki bila ufunguo wa baba yako. Ndiyo maana hukuutupa, pengo lake lingeonekana. Na ulijua hautatazamwa, maana wewe ndiye uliyetuambia ufunguo ni mmoja." Alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Mfuko wa mzee uko wapi?"

Leso ilitoka tena. Mkurugenzi alijifuta uso, halafu shingo, halafu akaishika tu.

"Nilimwomba anionyeshe zile funguo. Akanipa kwa mikono yake. Alikuwa ananieleza kwa upole, kama mwalimu. Kwamba tutaliweka vizuri kitabuni, kwamba baba hakukusudia. Watu mia kadhaa wanakula kupitia kiwanda hiki, Inspekta! Nikatoka nje na mfuko. Nikafunga. Nilitaka akae humo mpaka jioni, apoe, tuzungumze."

"Na jioni?"

"Nilikuwa na wageni nyumbani."

Koplo alitoa mguno.

"Nikasema kesho asubuhi. Asubuhi nikaja mpaka mlangoni." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo sana. "Alikuwa bado anagonga. Taratibu. Nikafikiri, nikimfungua sasa, atasema nini kwa watu? Nikaondoka. Zile funguo nikazitupa kwenye chuma chakavu."

Fundi mkuu alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani. Inspekta alichukua yale maelezo ya kitaalamu, akayakunja na kuyatia kwenye bahasha ya ushahidi, kisha akamwambia Koplo atoe pingu.

Mlinzi aliachiwa kabla ya chakula cha mchana. Alipoambiwa aende nyumbani alibaki amesimama kaunta, akauliza: "Kwa hiyo kweli si mimi?" Ikabidi aambiwe tena.

*

Gereza la wanawake lilikuwa nje ya mji, safari ya asubuhi nzima. Askari wa zamu alimwingiza Inspekta katika chumba chenye meza na viti, akamleta Matroni.

Alikuwa mwanamke mfupi, nywele nyeupe zimekatwa mpaka ngozini, vidole vimepinda kwa kushona sare za wenzake. Inspekta alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Alimweleza yote, polepole, bila kuruka kitu. Mtangazaji na mfuko wake. Fundi cherehani. Mashine yenye meno machache. Kwamba mwanasheria wa serikali ameshapelekewa jalada, na kwamba itachukua muda, lakini atatoka. Matroni alisikiliza mikono ikiwa juu ya meza, haitikisiki.

"Yule kijana wa redio amekufa?"

"Amekufa, mama."

"Alikuwa na sauti nzuri. Niliwaambia sikufunga. Wakaniuliza, ufunguo ulikuwa kwa nani? Kwangu. Kuna mwingine? Bwana yule akaapa hakuna. Mtu mkubwa, na suti, na Mungu mdomoni. Miaka ya mwanzo nilibisha. Baadaye nikachoka, nikaanza kujiona ninafunga. Naiona kabisa. Mtoto mgonjwa mgongoni, mkono huu unafunga. Nimewaomba radhi wale wasichana kila nikiamka, kwa majina yao, mmoja mmoja."

"Hukufunga, mama. Hukuwakosea."

Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, akayaacha yashuke. Inspekta alidhani yatafuata maneno ya shukrani, au hasira, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili.

"Basi nani?" aliuliza Matroni.

"Mama?"

"Mlango niliuacha wazi. Ulikutwa umefungwa. Kama si mimi, nani?"

Kwa siku zote hizi Inspekta alikuwa amehesabu namna mlango ulivyoweza kufungwa, na hakuwa hata mara moja amejiuliza mkono ulikuwa wa nani. Hakuna aliyejiuliza. Jaji hakujiuliza, polisi wa enzi zile hawakujiuliza. Jibu lilikuwa mfukoni mwa Matroni, wakafunga jalada wakaenda nyumbani.

"Sijui," alisema.

"Mtu aliutoa ufunguo wake, akasimama pale, wasichana wangu wako ndani. Akazungusha." Matroni aliugeuza mkono wake hewani, kidogo tu. "Na wote mkaja kuniangalia mimi."

"Nitamtafuta. Nikumbushe waliokuwa shuleni siku ile, mama, wote unaowakumbuka. Nitaanza nao."

Mwanamke yule alijipangusa uso kwa kiganja, akatazama dirisha dogo lenye nondo, ambapo upande wa pili wanawake walikuwa wakianika nguo.

"Atakuwa mzee sasa," alisema. "Kama mimi tu. Ila yeye amezeekea nje."